Kukusanya sumni za fedha kwa hela ya bumu

Nimerudi Mlimani. BTP imekwisha, sauti imekauka kwa kuwapigia kelele Form Three wa watu, na chaki nahisi bado ipo kwenye kucha. Asanteni mlioulizia kimya changu. Leo sileti habari za hosteli wala foleni ya maji, hizo mnazijua. Nataka kulijibu swali ambalo nimeulizwa na watu watatu tofauti tangu nilipotaja kwamba nakusanya sarafu za zamani: "Dada, hela ya kununulia hela za kizamani unaitoa wapi, wakati bumu lenyewe linakata kabla ya wiki ya sita?"

Swali zuri. Jibu lake refu kidogo, vuteni viti.

Kwanza tuelewane nakusanya nini, maana rumeti wangu kwa muda mrefu aliamini nafanya biashara ya rupia zinazovuta mchele. Hizo habari mnazijua, kila mtaa una jamaa anayemtafuta mtu mwenye rupia ya Mjerumani inayosogeza punje za mchele, na eti kuna mnunuzi anasubiri na mamilioni. Jamani, hakuna. Rupia ya Mjerumani ipo kweli, ina sura ya Kaiser Wilhelm II amevaa kofia ya chuma yenye tai, ni fedha nzuri ya asilimia 91.7, na ukiiweka kwenye mchele inakaa pale pale kama kijiko. Ni nzuri ila kwangu bei yake imesimama mbali, gramu 11.66 za fedha karibu tupu sio mchezo. Nyingi ninazoonyeshwa mtaani zimeshapitia mikononi mwa matapeli, muuzaji anaanzia laki tano kwa sababu ya huo mchele. Napita.

Ninachokusanya mimi ni sumni na shilingi za fedha za enzi za Mwingereza. Fedha kwa maana ya madini. Babu zetu waliita hela "fedha" na hawakukosea, ukiichukua shilingi ya 1922 unashika vyote viwili.

Kwa wasioijua historia yake kwa ufupi: mwaka 1919 Waingereza waliunda Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, makao yake London. Mwaka 1920 wakaleta pesa iliyoitwa florin kuchukua nafasi ya rupia. Haikukaa. Mwaka uliofuata, 1921, ikaja shilingi, na ndiyo hiyo hiyo, kwa jina, tunayolipia chapati mpaka leo. Upande mmoja mfalme, upande wa pili simba amesimama na milima nyuma yake. Sumni, yaani senti 50, ni hivyo hivyo ila ndogo.

Sasa hesabu, na hapa ndipo penye siri ya bajeti yangu. Shilingi ile ina gramu 7.78 na ndani yake fedha ni robo tu, asilimia 25. Kwa hiyo fedha halisi ni kama gramu 1.94, ambayo ni moja ya kumi na sita ya aunsi ile wanayopimia madini (gramu 31.1). Sumni ni nusu yake, moja ya thelathini na mbili. Mimi nikitaka kujua kama mzee ananionea, naangalia bei ya aunsi kwa simu, nageuza kuwa shilingi zetu, nagawa kwa 16. Hiyo ndiyo sakafu. Juu ya sakafu nalipia historia na hali ya sarafu, chini ya sakafu nalipa haraka kabla hajaamka. Mwaka 2025 bei ya fedha duniani ilipaa, ikavuka dola 50 kwa aunsi, na hata hapo sakafu ya shilingi moja ilikuwa dola tatu na kidogo. Hiyo ni sahani ya chipsi kuku, sio kiwanja Kigamboni.

Wamarekani wana kitu chao kinaitwa dime, senti kumi ya kwao, ndogo kuliko sumni, fedha asilimia 90 mpaka zile za mwaka 1964. Kule mwanafunzi akianza kukusanya hakimbilii ile ya 1916 ya Denver ambayo zilitengenezwa 264,000 tu, angeuza figo. Anaanza na za miaka ya vita ya pili, 1940 mpaka 1945, zilizo tele. Akishazoea macho, anabadilisha mbovu kwa nzuri taratibu. Nilipolielewa hilo nikaona mbona na sisi tunazo? Vita ile ile ilileta shilingi na sumni kibao huku kwetu. Za 1942, 1943, 1944 zinapatikana. Kwa hiyo nilichofanya ni kuiba mbinu ya dime na kuivalisha kanga.

Hatua ya kwanza ni kukusanya aina, sio miaka. Sarafu nne tu: shilingi ya George V, sumni ya George V, shilingi ya George VI, sumni ya George VI. Basi. Ukiwa na hizo nne una mkusanyiko kamili wa shilingi na sumni za fedha, mtu hawezi kukuambia hujakamilisha. Mimi nilitenga 10,000 kwa mwezi, ambayo ni soda na vocha nilizoacha, na ndani ya miezi mitatu zikawa mezani. Zilikuwa mbovu! Sumni ya George V ilikuwa laini kama kifungo, nililipa 2,500. Lakini zilikuwepo.

Hapa kuna kitu kimoja nawapa bure. Wauzaji wengi watakuambia "hii ni fedha, dada, pima uone". Mizani haikusaidii. Kuanzia mwaka 1948 walibadilisha madini, wakaweka mchanganyiko wa shaba na nikeli, lakini ukubwa ni ule ule na uzito karibu ule ule. Rangi inasaidia kidogo, fedha ya robo ikichakaa inakuwa na umanjano fulani mchafu. Ila dawa kamili ni kusoma maandishi. Kwenye za George VI za fedha, yaani 1937 hadi 1946, kuzunguka kichwa cha mfalme wameandika kwa Kilatini kwamba yeye ni mfalme na INDIAE IMPERATOR, mtawala mkuu wa India. India ikapata uhuru 1947. Sarafu za 1948 zinasema GEORGIVS SEXTVS REX, mfalme tu, India imekwenda na fedha imekwenda nayo. Za George V nazo zina kifupi chake, IND:IMP. Kwa hiyo kwa shilingi na sumni kanuni ni nyepesi: ukiona India, ni fedha. (Usiipeleke kanuni hii kwenye senti tano na kumi zenye tundu. Hizo ni shaba na India imo.)

Kwa kuwa tumezitaja hizo zenye tundu: mwenye 1,000 tu mfukoni atafute senti 5 au 10 ya mwaka 1936 iliyoandikwa EDWARDVS VIII. Huyu ni yule mfalme aliyeachia kiti Desemba 1936 kwa ajili ya mwanamke. Kwao Uingereza sarafu za jina lake hazikuwahi kuingia mtaani. Za kwetu ziliingia, maana zina tundu katikati na hazihitaji sura yake. Bibi zetu walinunulia chumvi hela ambayo Mwingereza mwenyewe hakuwahi kuishika. Sio fedha, lakini mimi ninazo mbili na ninazipenda kuliko baadhi ya ndugu.

Turudi kwenye bajeti. Hatua ya pili ndiyo inayoniumiza kichwa na kunifurahisha: kupandisha daraja, kubadilisha mbovu kwa bora.

Nina mzee wangu mmoja maeneo ya Posta anayetandika kitambaa chini na kupanga sarafu, noti za zamani na stempu. Simtaji, hajaniruhusu. Mara ya kwanza nilimrudishia ile sumni-kifungo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo umeleta au umefuata?"

"Vyote. Nataka ile ya simba anayeonekana nywele, hii yangu nikuachie."

Ile nzuri alitaka 6,000. Yangu akaihesabu kwa 2,000, nikaongeza 4,000. Nimelipa jumla 6,500 kwa sumni ambayo simba wake ana manyoya. Sio mbaya. Lakini nikiwa kwenye daladala nikafanya hesabu: kila nikibadilisha naacha 500 au 1,000 kwa mzee, ndiyo riziki yake na halali yake. Nikibadilisha mara tano kwa hatua ndogo ndogo nitakuwa nimemlipia watoto ada. Tangu hapo kanuni yangu ni kuruka ngazi mbili. Kama ya kwangu inaonyesha kichwa tu na herufi nusu, sibadilishi kwa inayoonyesha herufi zote. Nasubiri mpaka nione ambayo nywele za juu ya sikio la mfalme zimetengana na manyoya ya simba yanahesabika. Inaweza kuchukua muhula mzima. Kusubiri hakuna gharama.

Na jamani, msinunue zinazong'aa. Kuna wauzaji wanasugua na majivu na ndimu, wengine na dawa ya kung'arishia vitasa, sarafu inatoka nyeupe kama meno ya tangazo. Mgeni anaipenda. Mkusanyaji anaikimbia. Iliyochakaa kihalali ina giza kwenye mabonde, pembeni ya herufi, katikati ya miguu ya simba, halafu sehemu zilizoinuka zina mng'ao mpole. Iliyosuguliwa inang'aa kote sawasawa, na ukiigeuza kwenye jua unaona mikwaruzo myembamba kama nywele imeelekea upande mmoja. Bei yake ifanye nusu. Zilizotobolewa na sonara ili zivaliwe shingoni nazo ni nusu, ingawa kwa kuziba nafasi ya mwaka uliokosekana mimi sioni aibu, ninayo shilingi ya 1921 yenye tundu na imekaa kwenye foleni na wenzake.

Kuhifadhi pia si gharama. Sitii kwenye plastiki laini zile, zinatoa utando wa kijani baada ya muda. Sifungi na rababendi, salfa yake inaitia fedha weusi. Nakunja vibahasha vya karatasi nyeupe, naandika mwaka, herufi ya kiwanda na bei niliyolipa, napanga kwenye boksi la viatu pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Herufi za viwanda ni mchezo mwingine mtamu: H ni Heaton wa Birmingham, I ni Bombay, SA ni Pretoria. Mwaka wa 1944 peke yake shilingi zipo za H na za SA, na mpaka unazishika zote mbili huamini jinsi vita ilivyowafanya watengeneze hela popote palipokuwa na mtambo. Kwetu Tabora tunalijua hilo vizuri, mwaka 1916 Wajerumani walizingirwa wakageuza karakana ya reli kuwa kiwanda cha sarafu, wakapiga hela 20 za shaba na hata dhahabu ya rupia 15 yenye tembo. Ila hiyo ni stori ya siku nyingine.

Mtauliza, na bumu likichelewa? Lilichelewa muhula uliopita, mnakumbuka wote, wengine tulikuwa tunakunywa uji asubuhi na hotuba mchana. Nilikuwa na shilingi saba zilizojirudia, za vita, za hali ya kawaida. Nikazipeleka Posta. Mzee akanipa 5,000 kila moja, nikarudi na 35,000. Mimi na rumeti tulikula wali maharage siku tisa kwa ile hela, na yeye tangu siku ile haniulizi tena habari za mchele. Seti haikuguswa. Ndiyo maana nasema nunua zenye sakafu. Kile kikombe cha ukumbusho cha graduu nilichopewa na kaka yangu kingenilisha siku ngapi?

Nilizuia kitu kimoja tu siku ile, na mzee hakunielewa.

Ninayo shilingi ya 1922. Niliikuta kwa bibi, imefungwa kwenye kona ya kitenge pamoja na kipande cha ndimu kavu na risiti za kodi ambazo karatasi yake imekuwa kama majani ya chai. Baba yake bibi alikwenda manamba, mashamba ya mkonge Tanga huko, kama walivyokwenda wengi wa kwetu, na alirudi na shilingi chache. Nyingine zote zilikwenda kwenye kodi. Hii ikabaki, bibi hajui kwa nini. Uso wa mfalme umefutika kabisa, simba amebaki kivuli, mwaka unausoma ukiuinamisha kwenye taa. Kwa vipimo vya wakusanyaji ni takataka. Mzee wa Posta alikuwa na 1922 safi sana, ile ya kuruka ngazi nne, akaniambia nimpe yangu na 8,000 tumalizane. Kwa kanuni zangu mwenyewe nilizowahubiria hapo juu, nilitakiwa kukubali.

Niliinunua ile safi kwa 10,000 miezi miwili baadaye, bila kubadilishana. Sasa nina 1922 mbili, na kwenye kibahasha cha moja sehemu ya bei nimeandika "bibi".

Halafu ikaja BTP. Nilipangiwa shule moja ya kata, mikondo mitatu, Form Three B wako 74, vitabu vya Historia tisa. Mada uchumi wa kikoloni. Nilikuwa na andalio la somo zuri tu, la kuandika ubaoni na wao kunakili. Usiku wake nikatoa boksi la viatu nikachagua shilingi tisa mbovu, ikiwemo ya bibi, moja kwa kila kundi kama vitabu. Zile nzuri nikaziacha kwenye boksi, siwezi kumpa mtoto wa Form Three sarafu ya 10,000 akaisugulia kwenye dawati.

Nikawaambia: msinisikilize mimi, someni hicho mlichoshika. Dakika tano kelele, kisha kundi la dirishani wakauliza, "Madam, India imefuata nini hapa?" Jamani! Mwaka mzima ningeweza kuandika ubaoni "himaya ya Mwingereza ilikuwa kubwa" na wasiulize. Tukatoka hapo tukaenda kwa nani alikuwa anaamua hela ya mkulima wa Urambo, tukafika London, tukarudi. Kundi lenye ya 1946 wakagombana na lenye ya 1948 kwamba yao imekosewa maandishi. Nikawaacha wagombane mpaka mmoja akasema 1947 India ilikuwa huru, alisoma mahali. Kodi nayo ikaingia yenyewe: kama unadaiwa kwa shilingi na shambani kwako shilingi haioti, unaipata wapi? Mkongeni. Hakuna aliyenakili hicho, walikisema wenyewe.

Binti mmoja aliyeshika ya bibi akaigeuzageuza muda mrefu, akasema, "Madam, huyu mfalme ameliwa." Darasa likacheka. Nikamwuliza ameliwa na nini. Akafikiri. "Na vidole."

Kengele ilipolia nilizihesabu mara tatu. Zilirudi zote tisa.

Kwa hiyo bajeti yangu imebadilika kidogo. Siuzi tena mbovu zote ninapopandisha daraja. Kumi nabaki nazo, ndizo za darasani, na ile 500 ninayopoteza kwa mzee sipotezi. Zile nzuri zinaendelea kwa mwendo wa konokono: shilingi nimefika kumi na moja kwa miaka na viwanda tofauti, sumni tano. Sumni ya George V ya 1923 mimi sijawahi kuiona kwa macho, nimetafuta Posta, nimetafuta Mji Mkongwe nilipokwenda Zanzibar kwenye harusi, nimemwuliza kila mzee mwenye kitambaa. Huko Zanzibar waliniletea pesa za shaba za Sultan Barghash zenye mizani, nzuri na rahisi, nikachukua moja kujipoza. Kuna kijana mwingine akanifunulia visarafu vidogo akisema ni vya masultani wa Kilwa. Hivyo msinunue hata kwa bei ya pipi, ni malikale, mahali pake ni makumbusho.

Ombi langu kwenu kabla sijaenda kusoma (nina testi ya Saikolojia ya Elimu Alhamisi na sijagusa kitu): likizo hii mkienda kwenu, mwulizeni bibi au babu kama ana hela za zamani kwenye kikopo. Msiende na bei mdomoni, mtamtia tamaa ya mchele. Nendeni na tochi ya simu, msome mwaka. Akiwa nayo sumni ya fedha, 1923, yenye simba, nipigieni picha kabla ya kuisugua. Nanunua kwa bei ya Posta na nauli ya kuituma juu yangu. Kama babu hataki kuiuza, basi nileteeni stori yake tu.